Kilomita 21 za mama, usingizi wa binti

Mwalimu wa darasa hakuandika barua ya kumwita mzazi. Alikuja mwenyewe kwenye banda la chai asubuhi ya Ijumaa, akaagiza chai ya rangi na vitumbua viwili, akangoja wateja wengine waondoke, ndipo akasema kilichomleta.

“Mama, binti yako anasinzia darasani. Nimemwangalia wiki ya tatu sasa. Si kila siku. Ni Jumanne na Alhamisi, kipindi cha kwanza na cha pili.”

Mama alimshukuru, akakataa pesa yake ya chai, akarudi kwenye kikaango. Kutwa nzima alikuwa anamuwaza mtoto. Anaumwa? Kuna mvulana? Au kuna mtu amempa simu anaichezea usiku? Jioni, alipokuwa anasugua raba zake za mazoezi ili zikauke kabla ya Jumamosi, jibu lilimjia lenyewe. Jumanne na Alhamisi ndizo siku alizokuwa anatoka alfajiri kwenda kukimbia.

Safari ilianzia kwenye presha

Mama huyu ana miaka 39, mume, watoto watatu na banda la chai huko Makuyuni, wilayani Korogwe, ukanda ulio chini ya milima ya Usambara. Mumewe ni dereva wa bodaboda. Agosti 2025 alikwenda zahanati kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kinamgonga kila mchana. Muuguzi alimpima presha, akamwambia akae apumzike, akampima tena. Ilikuwa juu kidogo. Hakumtisha. Alimwambia apunguze chumvi, arudi kupimwa baada ya wiki mbili, na aanze mazoezi.

Mama alicheka. Kutwa amesimama, anakuna nazi, anabeba ndoo, anapuliza moto. Kama hayo si mazoezi, mazoezi ni nini?

Muuguzi hakumbishia. Kazi hizo zinachosha mwili, na kubeba ndoo ni mazoezi kweli. Lakini sehemu kubwa ya siku yake aliimaliza akiwa amesimama mahali pamoja, na moyo unahitaji mwendo wa kuufanya upige kwa kasi kwa dakika kadhaa mfululizo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama vile kutembea kwa haraka. Ni nusu saa kwa siku tano.

Huenda mambo yangeishia kwenye kutembea, kama si redio ya asubuhi ya Jumatatu, Septemba 15, 2025. Alphonce Simbu alikuwa ametwaa medali ya dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya riadha jijini Tokyo, Japan. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros. Kilichowatenganisha ni sehemu tatu tu za mia za sekunde.

Mtoto wa mwisho, wa miaka minane, alikimbia kuuzunguka uwanja wa nyumba mpaka kuku wakatawanyika. Kisha akamuuliza mama yake, “Mama, na wewe utakimbia kama Simbu?”

Watoto huuliza mengi kabla ya uji kupoa. Hili mama hakulisahau. Alipomsimulia muuguzi, naye akamwambia kuwa yeye hukimbia taratibu kila Jumamosi, na kwamba mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi kila mwaka kuna mbio za Kilimanjaro Marathon mjini Moshi. Zipo kilomita 42 za wenye mbavu, zipo kilomita tano za kujifurahisha, na katikati ipo nusu marathoni, kilomita 21 na mita kama mia hivi. Anayeanza Septemba kwa uangalifu anaweza kuimaliza.

Khanga hadi nyumba ya mwisho

Walianza wawili, mama na muuguzi. Mwanzoni walikimbia dakika moja na kutembea mbili, kwa nusu saa, kisha wakarudi nyumbani. Kipimo chao hakikuwa saa ya mkononi, kilikuwa mdomo. Ukishindwa kumsimulia mwenzako habari za jana, unakimbia mno. Punguza.

Kila wiki waliongeza kidogo. Mwishoni mwa Oktoba walifika kilomita sita bila kutembea. Desemba, kumi. Raba zilikuwa za mtumba, zilizopatikana Korogwe mjini baada ya kujaribu jozi nyingi, maana kiatu kinachobana kidole nyumbani kitatoa kucha njiani.

Barabara kuu waliiogopa, na walikuwa na haki. Wilaya ya Korogwe inapitiwa na mabasi na malori ya kwenda Moshi na Arusha, na dereva aliyekesha kwenye usukani hatazamii kumkuta mama mwenye raba pembeni ya lami saa 11 alfajiri. Walitumia njia ya vumbi ya kwenda mashambani. Palipowalazimu kupita kando ya lami, walikaa upande wa kulia, ili magari ya upande wao yaje wakiyatazama usoni, wakavaa fulana nyeupe na kushika tochi.

Wiki za kwanza mama alifunga khanga juu ya suruali ya traki mpaka alipoipita nyumba ya mwisho. Maneno yalikuwepo. Kuna aliyesema anamkimbia mume, na kuna aliyesema amekosa kazi. Mama mkwe alituma salamu kwamba mwanamke mwenye watoto hutafuta afya yake jikoni. Mumewe hakumkataza. Alisema tu, “Mimi sina neno, mama watoto. Ilimradi nyumba isilale njaa.”

Nyumba haikulala njaa. Uji ulikuwa mezani kila asubuhi na watoto wadogo walifika shule wameoga. Mama aliporudi saa 12 na dakika zake, akitiririka jasho, alikuta moto umewaka, uwanja umefagiliwa na unga wa mchele umeshasagwa, unasubiri kukaangwa. Alimshukuru Mungu kwa kumpa mtoto mwepesi. Hakujiuliza mtoto huyo ameamka saa ngapi.

Kikao cha Ijumaa usiku

Baba alirudi saa nne usiku. Mama alimngoja mpaka amalize kula, akamweleza alichosema mwalimu, kisha akamwita binti. Mtoto alikuja anasita, akijua habari za darasani zimefika.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Kaa. Hatukuitii kesi.”

Binti ana miaka 15. Alipoulizwa alieleza bila kulia. Siku za mazoezi huamka saa 10 usiku, kwa sababu kuni mbichi huchelewa kushika na unga wa vitumbua lazima uwe tayari mama akirudi. Usiku uliotangulia anakuwa na kazi za shule hadi saa nne na nusu. Hesabu ilikuwa nyepesi. Mtoto wa kidato cha pili, katika mwaka wa mtihani wa taifa, alikuwa analala saa tano na nusu.

“Kwa nini hukusema?” mama aliuliza.

“Ulikuwa unarudi umefurahi,” binti alijibu. “Na kichwa kilikuwa kimeacha kukuuma. Ungeniuliza ningekubali siku moja. Siku zote mbili zilinishinda.”

Mama alitaka kuacha. Alisema hapohapo kwamba mbio zimekwisha na ada ya kujiandikisha ni sadaka. Ni jibu ambalo mama wengi wangelitoa, na linasikika kama upendo. Lakini lingempa binti mzigo mwingine, wa kujua kwamba mama aliacha kitu kilichompa afya kwa sababu yake. Angejifunza kuwa siku nyingine akichoka, anyamaze.

Baba ndiye aliyekaa kimya muda mrefu zaidi. Naye alikuwa na lake la haki. Pikipiki huiegesha saa nne, wakati mwingine saa tano usiku. “Nikiamka saa 10 kuwasha moto,” alisema, “mchana nitakuwa nimembeba abiria huku nasinzia. Hapo tutazika watu.”

Hakuna aliyekuwa mvivu katika nyumba ile. Mbio za mama zilihitaji saa moja na nusu mara mbili kwa wiki, saa hizo zilitoka kwa mtu, na zilikuwa zinatoka kwa asiye na sauti. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni binti mkubwa, au msichana wa kazi, au bibi anayeishi nao. Baba anayekimbia alfajiri mara nyingi hata hajui kwamba saa yake imelipwa na mkewe.

Walifanya hesabu upya kama watu wanaogawana deni. Jumanne ilifutwa. Badala yake mama angefungua banda saa moja baadaye siku ya Jumatano, akubali hasara ya wateja wa mapema, na kazi zote za asubuhi azifanye mwenyewe baada ya kukimbia. Jumatano usiku baba angeegesha pikipiki saa mbili, alale mapema, na Alhamisi aamke yeye kuwasha moto na kupika uji. Mtoto wa kati, wa kiume, mwenye miaka 11, angechota maji na kupanga kuni kila jioni. Kitinda mimba angefagia uwanja. Jumamosi ilibaki ya mbio ndefu, kwa kuwa hakuna anayewahi shule.

Binti alipewa jambo moja: alale mpaka saa 11 na nusu, siku zote, mazoezi yawepo yasiwepo.

Alhamisi ya kwanza uji wa baba uliungua. Ya pili ulikuwa mwepesi kama maji ya kunde. Ya tatu ulinyweka. Kwenye kijiwe cha bodaboda walimwita “mama lishe” kwa wiki mbili, wakachoka.

Mweka haina huruma

Januari mama alifika kilomita 14, Februari 17. Ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote, wiki tatu kabla ya mbio, na baada ya hapo walipunguza ili miguu ipumzike. Presha, aliyokuwa anaipima kila mwezi, ilikuwa imeshuka na kutulia. Muuguzi alimkumbusha kwamba aliyeandikiwa dawa haachi dawa kwa sababu ya raba, na kwamba yeye alibahatika kuwahi.

Jumamosi ya kuamkia mbio alipanda basi pamoja na muuguzi na binti. Baba ndiye aliyesema binti aende. Nauli ya mtu wa pili iliuma, lakini alisema aliyelipa alfajiri anastahili kuona kilichonunuliwa. Walilala kwa shangazi wa baba huko Pasua, wakala wali na maharage mapema. Mama hakujaribu chakula kipya wala kiatu kipya.

Mbio huanzia na kuishia kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Maelfu ya watu, rangi za fulana, vipaza sauti, Mlima Kilimanjaro ukiwa mweupe kileleni kabla mawingu hayajaufunika. Mama alikuwa hajawahi kukimbia na zaidi ya watu wawili. Mlio wa kuanza uliposikika, umati ulimchukua kama maji ya mto.

Hapo ndipo alipokosea. Mazoezini alizoea dakika nane kwa kilomita. Kilomita mbili za kwanza alizipita kwa dakika sita na nusu kila moja, akiwa anajiona mwepesi, huku anawapita vijana wenye saa za bei kali. Muuguzi alimwita kwa nyuma, hakusikia. Ni kosa la karibu kila mgeni wa mbio. Siku hiyo mwili umepumzika, moyo umechangamka, na miguu inatoa ahadi ambazo haiwezi kuzitimiza.

Njia ya nusu marathoni ya Moshi hupanda kuelekea Mweka, kwenye mteremko wa mlima, ambako kipo chuo cha usimamizi wa wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1963. Mtu aliyefanya mazoezi kwenye tambarare ya Makuyuni hukutana na kitu kipya. Barabara inapanda, inakunja, inapanda tena, katikati ya migomba na kahawa. Hewa ni nzuri, lakini haitoshi.

Ilipofika kilomita ya saba mapafu yalikuwa yanawaka. Alijaribu kipimo chao cha mdomo, kusema jina lake na la kijiji chake, akashindwa. Kwenye kilomita ya nane alianza kutembea.

Kutembea kwenyewe hakukumuumiza. Kilichomuuma ni aliowaona wakimpita, wale aliowapita kwa mbwembwe asubuhi. Mzee mwenye mvi. Msichana mnene aliyekuwa anaimba. Na watoto wa Mweka, waliopanga mstari pembeni wakinyoosha viganja vya kugongwa, hawakujua anatembea kwa aibu. “Mama kaza! Mama kaza!” Aligonga viganja vyao vyote, kimoja kimoja, kwa sababu hakuwa na mbio za kumzuia.

Muuguzi alimkuta hapo. Hakumlaumu. Alimwambia, “Kunywa maji kidogo, si mengi. Tembea mpaka ile nguzo, kisha kimbia mpaka ile ya pili.” Wakarudi walikoanzia Septemba, dakika moja ya kukimbia, mbili za kutembea. Walifika mgeuko hivyohivyo.

Mama alidhani kuteremka kutakuwa mapumziko. Hakukuwa. Anayeshuka mlima akikimbia hutumia mapaja kama breki kila hatua, na breki huchoka. Kilomita ya 16 msuli wa ndama wa kulia ulikaza kama kamba. Alisimama, akaunyoosha taratibu akiegemea ukingo wa mfereji, akajiuliza kama aendelee.

Watanzania wengi hukua na simulizi ya John Stephen Akhwari, aliyeumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, mguu umefungwa bendeji. Ni simulizi kubwa, na inafaa watoto waijue. Lakini Akhwari alikuwa mwanariadha wa taifa. Mzazi aliyelipa ada yake mwenyewe hana deni la kumaliza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi isiyorudi hata baada ya kutembea ni ishara za kusimama na kuwaita watoa huduma ya kwanza. Msuli uliokaza ni jambo jingine. Mama aliukagua mwili wake kama alivyofundishwa. Kifua kilikuwa sawa. Kichwa sawa. Mguu tu. Akaendelea, akichechemea.

Binti kwenye majani

Uwanjani, binti alikuwa amekaa kwenye majani na mkoba wa khanga mapajani. Mama alisema atafika ndani ya saa 2 na dakika 50. Binti alitazama saa ya ukutani ya simu aliyoachiwa. Dakika 45, watu walikuwa wanaingia kwa makundi. Dakika 50, si yeye. Dakika 55, bado. Alisimama, akakaa, akasimama. Alianza kufikiria presha.

Dakika ya 58 aliiona fulana nyeupe, na pembeni yake muuguzi. Hawakukimbia vizuri. Walikimbia kama watu wanaobeba kabati. Binti aliita “Mama!” mara moja, kisha sauti ikamkatika.

Saa 2 na dakika 58. Jacob Kiplimo wa Uganda alikimbia umbali uleule jijini Lisbon mwaka 2021 kwa dakika 57 na sekunde 31. Binti, ambaye anapenda hesabu, alipiga hesabu kwenye basi la kurudi na kumwambia mama yake kwamba Kiplimo angemaliza, akaanza tena, akamaliza, akaanza tena, na bado angemsubiri mama dakika tano kwenye mstari. Walicheka mpaka abiria wa kiti cha mbele akageuka.

Nyumbani kitinda mimba alikuwa macho. “Mama, umeshinda?”

Ni rahisi kumwambia mtoto kwamba kila anayemaliza ni mshindi. Mama alimvua kofia kwanza, akafikiri. “Sikushinda. Nilianza kwa haraka, nikawapita watu bila sababu, nikachoka nikatembea. Nimemaliza kwa kuwa muuguzi alinisubiri.” Kisha akampa medali aishike.

Mtoto wa miaka minane hakuhuzunika kama watu wazima wanavyoogopa. Aliuliza tu mlima ulikuwa mrefu kiasi gani. Lakini mtoto wa kati, aliyekuwa amepata alama mbaya za Kiingereza wiki iliyopita na kuuficha mtihani chini ya godoro, aliuleta Jumatatu usiku. Mzazi anayesimulia kosa lake bila kulipamba humfungulia mtoto mlango. Anayesimulia ushindi tu huufunga.

Nani analipa alfajiri?

Mbio za mitaani zimekuwa nyingi nchini, na wazazi wengi wanaingia. Ni jambo jema kwa moyo, kwa presha na kwa usingizi. Watoto nao hufaidika wanapomwona mzazi akitoka jasho kwa hiari, maana wao wanahitaji kucheza na kukimbia kwa wastani wa dakika 60 kila siku na huiga zaidi wanachokiona kuliko wanachoambiwa.

Anayeanza ni vyema apimwe presha kwanza, hasa aliyevuka miaka 35, mwenye kisukari au mwenye ugonjwa wa moyo katika ukoo. Aongeze umbali kidogo kidogo, asikimbie peke yake gizani, na siku ya mbio aanze taratibu kuliko moyo unavyomtuma. Mtoto aachiwe zile kilomita tano. Kilomita 21 zitamsubiri akue.

Na kabla ya kununua raba, mzazi akae na wenzake nyumbani awaulize maswali mepesi. Saa nitakayokuwa sipo, nani atawasha moto? Nani ataamka mapema ili mimi nikimbie? Ameulizwa? Swali hili si la wakimbiaji peke yao. Linamhusu mama anayesoma chuo jioni, baba aliye kwenye kwaya, na yeyote anayeitafuta saa yake. Saa ya mtu mzima nyumbani haitoki hewani. Ikiombwa, hutolewa kwa moyo. Ikichukuliwa kimyakimya, huonekana mahali pengine, kama kwenye dawati la kipindi cha kwanza.

Mwalimu wa darasa bado hupita kunywa chai. Tangu kikao kile, hajaleta tena habari za kusinzia.

Alhamisi baada ya mbio mama hakwenda mazoezini. Miguu ilikuwa bado inauma na ngazi mbili za mlango alizishuka kinyumenyume. Hata hivyo saa 10 na nusu alisikia kitanda kikilia, kisha mlango wa jikoni.

“Baba watoto, leo sikimbii,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Lala.”

“Najua,” alijibu, akiendelea kutafuta kiberiti. “Nimeshaamka. Lala wewe.”

Chumba cha pili, binti alikuwa hajasikia kitu.